Nyumba Yangu Si Mahame

Lipangalala, Ifakara
Jumamosi jioni, Mei 1956

Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini paa bado linavuja. Nimetega sufuria chini ya lile tundu la upande wa jikoni, na matone yanaanguka humo moja moja kama yananisuta. Mikono yangu ni myeusi kwa mkaa hadi kwenye viwiko, na nimekataa kunawa kabla ya kuandika haya. Daftari likichafuka na lichafuke.

Nina hasira, na safari hii sitaki ipoe.

Hata hivyo niandike kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira tupu, siku nikija kusoma sitajielewa mwenyewe.

Alhamisi nilitoka shamba Katindiuka kuja mjini kununua chumvi na mafuta ya taa. Mume wangu, Baba Kletus, alibaki kule na watoto kuamia ndege. Mpunga wetu umeanza kutia maziwa, na wakati huu mtu hachezi mbali. Tangu alfajiri lazima awepo mtu juu ya dungu, kile kichanja chetu cha miti katikati ya shamba, apige kelele, apige debe, arushe udongo, mpaka jua lizame. Ukisema ngoja nipumzike kidogo, ndege wanashuka na kukuachia mabua. Basi mimi nilikuja na mawazo ya chumvi tu. Nikapitia nyumbani kutazama kama mchwa wamepanda ukutani.

Mchwa hawakuwepo. Kulikuwa na msalaba mweupe wa chokaa, mkubwa, kando ya mlango.

Mwanzo nilifurahi, nakiri. Nilidhani Padri amepita kubariki nyumba za watu walioko mashamba, nikasema moyoni, mwaka huu ametukumbuka. Nikatazama kwa wifi yangu Fulgensia, upo. Nikatazama kwa jirani yetu Mzee Saidi, upo, tena mkubwa kuliko wangu. Mzee Saidi ni Mwislamu wa swala tano. Hapo nikajua kwamba hii si baraka.

Muuza duka ndiye aliyenieleza huku akinipimia chumvi. Tangu masika yaanze wapo hapa Ifakara watu wa taasisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Kazi yao ni miji. Wanachunguza mji unakua vipi, maji yanasimama wapi, mbu wanazaliana wapi, soko likae wapi na barabara ipite wapi, kisha wanaandika mpango mkubwa wa miaka mingi na kuipa serikali. Mkubwa wao ni Profesa mmoja mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani, ambaye watu wamempachika jina la Bwana Ramani kwa sababu haendi hata chooni bila karatasi yake. Huo msalaba, akasema muuza duka, ni wa nyumba zitakazobomolewa.

Chumvi ilinitoka mkononi. Aliiokota yeye.

Jana Ijumaa palikuwa na baraza la kuusoma huo mpango mbele ya watu. Sikurudi shamba, nilikwenda. Walitundika ramani ukutani, pana kama shuka la kitanda, na Bwana Ramani akawa anaonyesha kwa fimbo huku mkalimani wake akitufafanulia. Mkalimani ni kijana anayeitwa Leonsi, suruali imepigwa pasi imenyooka, viatu vinang'aa katika matope ya Ifakara, sijui anawezaje.

Na nitaandika kweli hapa ambapo hakuna wa kunicheka: mpango wenyewe ni mzuri. Mifereji ya kuondoa maji nyuma ya soko. Visima vyenye mifuniko. Soko lenye paa, ili akina mama wasiuze samaki huku wananyeshewa. Dawa ya mbu. Mwaka juzi Kletus alishikwa na homa mpaka tukamwitia Padri, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba mimi ni mshamba nisiyetaka maendeleo. Mifereji ile naitaka kuliko Bwana Ramani mwenyewe anavyoitaka. Walipofika kwenye visima nilipiga makofi.

Kisha fimbo ikahamia upande wetu. Lipangalala yote ya huku nyuma ilikuwa imepakwa rangi ya majivu, na juu yake pameandikwa neno moja kwa herufi kubwa.

Mahame.

Leonsi akasoma kwa sauti yake safi kwamba eneo hili limehamwa na wakazi wake, nyumba zimeachwa, mapaa yametoboka, kuta zimebanduka udongo, na kila watafiti walipopita hawakukuta moto wala mtu. Kwa hiyo nyumba hizo zitaondolewa, na uwanja huo utajengwa nyumba za mfano, zilizonyooka mistari, kwa ajili ya wafanyakazi.

Wamekuja masika kwa makusudi, ili waone maji yanasimama wapi. Hilo ni la akili, silikatai. Ukitaka kujua tundu la paa, njoo wakati wa mvua. Lakini masika hapa kwetu mji unabaki na wagonjwa, wenye maduka na watawa. Sisi wengine tunahamia shamba, mume, mke, watoto, kuku na mbwa, na hatuonekani mpaka mpunga uingie ghalani. Nyumba ya mjini tunaifunga kwa kamba. Paa likitoboka tunaliacha, kwa kuwa nani anaezeka katikati ya mvua, na nyasi nzuri za kuezekea zinapatikana kiangazi? Ukuta ukibanduka tunauacha. Mavuno yakiisha ndipo tunarudi, tunakandika, tunaezeka, tunaoza watoto, tunakunywa pombe yetu ya ugimbi. Angekuja mwezi wa nane Bwana Ramani, asingepata pa kupita kwa watu.

Kila mtoto wa bonde hili anajua hayo. Na ndiyo maana jana hasira zangu hazikuwa kwa Profesa. Yeye mgeni. Zilikuwa kwa Leonsi, kwa sababu niliuliza ukoo wake nikaambiwa ni mtu wa upande wa Mahenge, na mama yake yuko huko Ulanga mpaka leo, analima mpunga.

Nikasimama. Wanawake hawasimami barazani kwetu, wanasubiri hadi waulizwe, na hawaulizwi. Jumbe, mkuu wetu wa hapa, alinitolea macho. Leonsi akasema, kwa adabu, "Mama, tafadhali kaa kwanza, maswali ni mwishoni."

"Shikamoo Bwana Jumbe," nikasema, "shikamooni wazee wote. Sina swali mimi. Hiyo nyumba ya majivu ni yangu."

Wakaanza kuguna. Bwana Ramani akauliza nimesema nini, akatafsiriwa. Akanitazama kwa upole kabisa, na upole ule ulizidi kunikera. Akauliza kupitia kwa Leonsi: kama naishi pale, mbona hawakunikuta hata mara moja?

"Mwambie sikuwepo kwa sababu nakula," nikajibu.

Baraza likaangua kicheko, hadi Jumbe akajifuta macho. Leonsi hakucheka. Alitafsiri, na Profesa naye akacheka kidogo, kisha akafikiri, na nadhani alifikiri kweli. Akauliza shamba letu liko wapi. Nikamwambia Katindiuka. Akageukia ramani yake, akafuata kwa kidole mstari mwekundu ambao ni mpaka wa mji, kidole kikazunguka kikarudi kilipoanzia. Katindiuka iko nje ya mstari. Mpango huu ni wa mji, akaeleza, na walioko nje ya mstari ni watu wa shamba, watashughulikiwa na mpango mwingine, siku nyingine.

Basi niko hivi: nikiwa shamba, mimi si mtu wa mji. Na nyumba yangu iliyoko mjini haina mtu. Ramani nzima ile, pana kama shuka, na mimi simo.

Nikaketi.

Bwana Ramani aliona kwamba watu wamechafukwa, akatoa shauri ambalo yeye aliliona la haki. Jumatano ijayo watapita tena na Jumbe na vibarua wenye sururu. Nyumba watakayomkuta mwenyewe, msalaba utafutwa. Ambayo hawatamkuta mtu, itaondolewa. Leonsi akarudia mara mbili ili wote wasikie. Wazee wakasema ahsante. Ndiyo, walisema ahsante!

Jumatano ijayo. Mpunga uko kwenye maziwa.

Wifi Fulgensia alikuwa ameketi nyuma yangu, naye alikuja mjini jana hiyo hiyo baada ya kupata habari. Ni dada wa mume wangu, mjane, hana mtoto wa kumsaidia, na shamba lake analilinda mwenyewe juu ya dungu lake. Amemwachia jirani amlindie kwa siku mbili tu, na jirani naye ana lake. Tulipotoka barazani alinishika mkono akawa analia barabarani bila kujificha.

"Wifi, mimi nabaki," akasema. "Mpunga na uliwe. Nitakula nini nitajua mbele. Hii nyumba aliniachia marehemu."

Nikamwambia mpunga ukiliwa, atakufa njaa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Akaniambia sasa nifanye nini, nijikate vipande viwili? Tulikaa mlangoni kwake, chini ya msalaba wake mweupe, tukatazama matope.

Usiseme sijui kuogopa. Niliogopa sana. Nilifikiri kumwita Baba Kletus, yeye akae nyumbani na mimi nipande dungu, na Fulgensia je? Na Mzee Saidi, ambaye hata habari hajapata? Na wale wa nyuma, ambao mashamba yao yako mbali mpaka uvuke maji kwa mtumbwi? Halafu nikamkumbuka mume wangu na maneno yake ya siku zote, "Taratibu, mke wangu, taratibu," nikajua kwamba nikimwuliza atanipa ushauri mzuri wa kukaa kimya.

Leo asubuhi niliamka nimekunja uso. Nikawasha moto, nikapika uji, na nilipokuwa nachochea kuni nikashika kipande cha mkaa, nikakitazama. Mimi nilisoma kwa masista miaka minne. Walinifundisha kushona, kusali na kuandika mwandiko wa duara ambao waliusifu sana. Mpaka leo mwandiko huo umenisaidia kuandikia watu barua za misiba na daftari hili.

Nikatoka nje, nikasimama mbele ya msalaba wangu. Sikuufuta. Chini yake, kwa herufi kubwa kama zile za Bwana Ramani, nikaandika:

MARSELINA, MAMA KLETUS. YUPO SHAMBA KATINDIUKA, ANAAMIA NDEGE. ATARUDI BAADA YA MAVUNO.

Nikarudi nyuma hatua chache kuisoma. Ukuta wa udongo, chokaa nyeupe, mkaa mweusi. Nikasikia kitu kinafunguka kifuani, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaenda kwa Fulgensia. Nilimwambia arudi shamba leo hii, jina lake litakaa hapa badala yake. Yeye hajui kusoma. Akauliza, "Na wakibomoa?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba wakibomoa nitamkaribisha kwangu, na kama kwangu nako kumebomolewa tutapanda dungu moja. Akauliza tena niliyoyaandika yanasemaje, nikamsomea, akaomba niongeze jina la marehemu mumewe. Nikaliongeza. Alijitwika kikapu chake akaondoka, na hakugeuka. Nilipomwona anaishia kwenye kona ndipo nikaelewa uzito wa nililofanya. Kama nimekosea, nyumba yake itakuwa juu yangu.

Nikaenda kwa Mzee Saidi. Nikaenda kwa wengine, mmoja baada ya mwingine. Najua kila mtu yuko wapi, ni nani asiyejua? Huyu yupo ng'ambo ya mto Lumemo. Huyu yupo kambi ya wavuvi na wanawe, na mkewe anaamia. Huyu amejifungua huko huko shamba, mtoto wa kike, hajarudi. Yote nikaandika, hata huyo mtoto nikamwandika, kwa kuwa naye ni mtu wa Lipangalala. Mvua ilinyesha, nikaandika chini ya vipenu. Mkaa ukiisha napita jikoni kwa mtu kuokota mwingine.

Watu wachache waliobaki mjini walinifuata nyuma wakisoma kwa sauti na kucheka. Mmoja akasema nitafungwa. Nikamwambia aniletee mkaa, asiniletee maneno.

Leonsi alinikuta karibu na adhuhuri. Nafikiri alitumwa, au alisikia. Alisimama na mwamvuli wake, akasoma kuta mbili tatu.

"Mama, hii ni kazi ya serikali unaiharibu," akasema.

"Sijafuta hata tone la chokaa yenu. Nimeongeza tu yaliyosahaulika."

Nikaona nimpate hapo hapo. Nikamwuliza mama yake yuko wapi siku hizi, mwezi huu wa tano, mpunga uko kwenye maziwa. Alishusha macho kwenye viatu vyake.

"Yupo shamba," akasema.

"Na nyumba yake ya kijijini ina moto?"

Alisema, kwa sauti ya chini, si ile sauti safi ya barazani, "Mama, mimi natafsiri ninachoulizwa. Hilo hawakuniuliza." Nilikuwa nimejiandaa kumchamba, maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, lakini jinsi alivyosema nikamwona ni mtoto wa watu anayeogopa kupoteza kazi. Sikumhurumia sana, ila sikumchamba. Nikamwambia, "Basi sasa umeulizwa. Mimi ndiye niliyekuuliza."

Akanifuata na mwamvuli wake hadi mwisho wa njia, sijui alikuwa ananilinda au ananichunga. Na mwisho wa njia ndiko iliko nyumba ya Mzee Mangwela.

Mzee Mangwela alifariki kabla ya Krismasi, na mkewe alimtangulia. Watoto hawakujaliwa. Paa limeshuka upande mmoja, ndani mmeota magugu. Hakuna aliyefunga kamba mlangoni, na kiangazi kikija hakuna atakayeezeka. Msalaba wa chokaa upo kando ya mlango kama kwa wengine.

Nilisimama pale na mkaa mkononi. Nisiwe mnafiki katika daftari langu mwenyewe: nilitaka kuandika. Mzee alikuwa mwema, alimfundisha Baba Kletus kusuka mitego ya samaki. Na ingekuwa rahisi. Yupo shamba, atarudi. Nani angejua? Leonsi alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Na hii je, Mama?" akauliza.

Nikamwambia, "Hii ni mahame."

Nikaiacha na msalaba wake mtupu. Nilimwambia Leonsi akamwambie Bwana Ramani kwamba nyumba iliyohamwa tunaijua sisi wenyewe tukiiona, na kwamba katika njia nzima hii ameipata moja. Aje akiwa amefumba macho, aguse kuta, atajua tofauti. Leonsi akarudia maneno yangu polepole kama anayetaka kuyashika, kisha akaenda zake. Kama atayafikisha au atayameza, hilo ni lake na mama yake.

Sasa nipo hapa, na sufuria imejaa nusu. Hasira bado ipo, nashukuru. Lakini chini yake nina woga. Mkaa si chokaa, upepo wa mvua ukipiga kutoka upande wa mlima, herufi zangu za duara zitachuruzika. Vibarua wenye sururu huenda hawajui kusoma. Bwana Ramani anaweza kusema sheria ni sheria, hakukuta mtu. Yote yanawezekana, na nikisema siyafikirii nitakuwa najidanganya.

Ila kubaki, sibaki. Nimewaza tangu jana, nimeona kwamba nikikaa hapa mlangoni Jumatano kungoja mtu anihesabu, nitakuwa nimekubali kwamba siku zote ambazo sikuwepo hii nyumba haikuwa yangu. Yangu ni hata nikiwa juu ya dungu. Hata nikiwa natwanga kwa jirani. Tulikandika kuta hizi mimi na Baba Kletus kwa mikono yetu, nikiwa na mimba ya Kletus, na hatukumwomba mtu atushuhudie.

Mifereji waichimbe. Nitakuja mwenyewe na jembe langu kuwasaidia, na nitaleta na wifi. Visima wachimbe. Lakini watuchore na sisi.

Kesho nahudhuria misa ya kwanza, kisha nabeba chumvi yangu, narudi Katindiuka. Baba Kletus atasema taratibu, mke wangu, na nitamwambia tayari nimeshakwenda mbio. Jumatano nitakuwa juu ya dungu napiga debe kama mtu mwenye kichaa, na kila nikitulia nitakuwa nasikiliza upande wa mjini, ingawa kwa mbali vile hakuna kitakachosikika.

Wakija na sururu zao hawatanikuta. Lakini wakitaka kuibomoa nyumba hii, itabidi kwanza wasimame mlangoni pangu, na mmoja wao awasomee wenzake jina langu.